Betri za droni na magari ya rimoti: hatari ni usiku, umeme unaporudi

Katika miji mingi ya Congo, chaja huachwa kwenye soketi hata umeme ukiwa umekatika. Mtu hulala akitumaini umeme utarudi usiku na asubuhi atakuta kila kitu kimejaa. Kwa simu, desturi hiyo mara nyingi haileti balaa. Kwa betri laini za litiamu zinazoendesha droni, boti na magari madogo ya rimoti, ni jambo jingine kabisa. Katika nyumba za mbao za Goma au mitaa iliyosongamana ya Bukavu, moto ukianza chumba kimoja hauishii hapo.

Betri ya simu ina kifaa kidogo cha ulinzi ambacho hukata umeme ikijaa. Betri nyingi za modeli hazina kifaa hicho. Zimefungwa ndani ya mfuko laini, bila ganda gumu, ili ziwe nyepesi na zitoe nguvu nyingi kwa mara moja. Ulinzi wote umeachiwa chaja na mwenye kuchaji. Ndani ya nyingi kati ya betri hizo mna kobalti, madini ambayo zaidi ya nusu yake duniani huchimbwa hapa Congo, hasa Lualaba na Haut-Katanga. Yanatoka kama mawe, yanarudi yakiwa betri.

Kila seli, yaani kila betri ndogo iliyo ndani, hujaa kwenye volti 4.2. Maandishi 3S yana maana ya seli tatu zilizounganishwa kwa kufuatana, kwa hiyo jumla isivuke volti 12.6. Lakini jumla hiyo inaweza kudanganya. Seli moja ikifika 4.4 na nyingine mbili zikabaki 4.1, kipimo bado kitaonyesha 12.6, na ile ya kwanza iko tayari kuwaka. Ndiyo kazi ya kile kichwa kidogo chenye nyaya nyembamba: chaja inayosawazisha husoma kila seli kupitia hapo. Fundi anayezikata nyaya hizo na kuunganisha chaja ya betri ya pikipiki ameondoa kinga ya mwisho.

Kasi nayo ina kipimo. Betri ya 2200 mAh ichajiwe kwa ampea 2.2, isipokuwa mtengenezaji ameandika vingine. Itachukua kama saa moja, na saa hiyo mtu awepo, betri ikiwa juu ya sementi au ndani ya sufuria kuukuu, si kitandani wala karibu na pazia.

Kuimaliza kabisa pia ni kosa. Seli ikishuka chini ya volti 3 huharibika ndani, na madhara hujitokeza siku itakapochajiwa tena. Kama haitatumika kwa wiki kadhaa, ihifadhiwe ikiwa nusu, karibu volti 3.8 kwa kila seli.

Betri iliyovimba haina dawa. Wapo wanaoitoboa kwa sindano ili gesi itoke. Ni ushauri mbaya kuliko yote, kwa sababu gesi hiyo inawaka na moshi wake ni sumu. Itolewe nje, mbali na nyumba, na isichajiwe tena. Vivyo hivyo droni ikianguka vibaya: betri ikae nje ikiangaliwa, maana inaweza kushika moto baadaye. Ikiwaka, watu watoke kwanza, hasa watoto. Mchanga mkavu huzuia moto usisambae, na maji mengi hupoza, ila umeme wa nyumba ukatwe kabla.

Kwa wanaosafiri kwa ndege, betri za akiba hazipakiwi kwenye mzigo wa chini. Mwaka 2010, Boeing 747 ya mizigo ya UPS ilianguka Dubai baada ya moto kuzuka kwenye shehena yenye betri za litiamu. Marubani wawili walikufa. Abiria huzibeba mkononi, kila moja isizidi wati-saa 100 bila ruhusa ya shirika la ndege, na vichwa vya nyaya vikiwa vimefunikwa kwa utepe.