Simu haikuona mlima ulivyouona wewe

Ile picha ya Mlima Kenya uliyopiga Nanyuki asubuhi na mapema bado iko kwa simu, si ndiyo? Uliiposti, ikapata laiki zake, ikazama. Sasa umenunua rangi za mafuta unataka kuichora. Poa. Lakini ukiinakili vile ilivyo, utapata mlima mdogo, tena uliokufa.

Shida ya kwanza ni lenzi. Ya simu hunasa eneo pana, kwa hivyo vilele vinabaki kama kichuguu huku nyasi na ua wa barabarani vikijaza picha. Macho yako siku hiyo hayakuangalia ua. Yaliganda kwa Batian, mita 5,199, na Nelion kando yake. Basi punguza nyasi, ondoa ua, kuza mlima. Hiyo si kudanganya, ni kukumbuka.

Shida ya pili ni vivuli. Simu huvifanya vyeusi tititi, ilhali kivuli cha mwamba asubuhi kina buluu ya anga ndani yake. Achana na tyubu nyeusi. Changanya buluu iliyokolea na kahawia, kisha ongeza nyeupe kidogo kidogo. Na kumbuka, kitu kikiwa mbali hupauka na kuelekea buluu. Miti ya karibu ipe kijani kilichoiva; msitu wa mlimani uache ukae kijivu. Hapo mlima utarudi nyuma wenyewe.

Usiwe na haraka. Tabaka la kwanza liwe jepesi, limezimuliwa kwa tapentaini. Yanayofuata yawe na mafuta zaidi. Ukigeuza mpango huo, la juu litakauka kabla ya la chini na baadaye litapasuka. Na kama unaishi chumba kimoja, fungua dirisha, mvuke wa tapentaini si mchezo. Uzuri ni kwamba rangi hii hukauka polepole. Wingu likikukataa leo, kesho bado unaweza kulisukuma.

Sasa tuje kwa ule weupe wa juu, maana hapa ndipo kuna kishawishi. Ni rahisi kuuvika mlima kofia kubwa nyeupe kama ya kadi za posta. Lakini Lewis, barafu iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani humo, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Theluji ya usiku bado huanguka, kisha jua linaila. Kama picha yako ina mistari mitatu tu ya weupe, chora mitatu. Usiongeze wa nne eti ndio ipendeze ukutani.

Ukimaliza, geuza kanvasi uandike nyuma tarehe uliyopiga ile picha. Ua uliuondoa, nyasi ulizipunguza, na hakuna atakayekulaumu. Lakini kuhusu barafu, siku moja mtu atataka kujua ilikuwa imebaki kiasi gani, na mchoro wako utakuwa na jibu.