Je, Akili Hurithiwa, Hulelewa au Hutafutwa?

Matokeo ya mtihani yanapotoka, katika nyumba nyingi za Cheyo, hapa Tabora, husikika maneno yale yale: "Huyu kachukua akili za baba yake," au, "Dada yake hana kichwa, tusipoteze fedha bure." Maneno hayo husemwa upesi, lakini huamua maisha. Mmoja hununuliwa madaftari, mwingine huambiwa abaki nyumbani asaidie kazi. Kwa hiyo yatupasa sisi akina mama tujiulize: akili ya mtoto hutoka wapi?

Damu ina sehemu yake

Ni kweli kwamba watoto hawazaliwi sawa. Mama mwenye watoto zaidi ya mmoja anajua hivyo. Wataalamu waliopima mapacha wanaofanana kabisa wameona kwamba hukaribiana sana kwa akili, hata wanapolelewa mbalimbali.

Lakini damu peke yake haitoshi. Mfano tunao hapa mjini. Mwalimu Julius Nyerere aliingia shule ya serikali ya Tabora mwaka 1937. Ingawa alikuwa mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki, alianza kusoma mwaka 1934 tu, huko Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12. Kipawa alikuwa nacho tangu mwanzo, lakini asingepelekwa shule nani angekijua? Na mabinti wa siku zile waliobaki jikoni, nani alipima akili zao?

Nyumba ina sehemu yake

Huko Embu, Kenya, watafiti waliwapima watoto wa vijijini mwaka 1984, kisha mwaka 1998 wakapima wengine wa umri ule ule. Kwa kipimo kinachotumia picha badala ya maneno, watoto wa 1998 waliwapita wale wa kwanza kwa alama zipatazo 26. Miaka 14 haitoshi kubadili damu ya watu. Kilichobadilika ni nyumba: wazazi wengi zaidi walijua kusoma, familia zilikuwa na watoto wachache zaidi, na watoto walikula vizuri zaidi. Baadaye, huko huko Embu, wanafunzi waliopewa makande yaliyotiwa nyama waliendelea vizuri katika kipimo hicho kuliko wenzao ambao hawakupewa nyama. Nyama ni ghali, lakini maharage, karanga, mayai na dagaa wa Kigoma vipo sokoni.

Tena, akili huanza kujengwa tumboni. Mama mjamzito akikosa madini joto, ubongo wa mtoto huweza kudhurika, na dhara kubwa halirudishwi baadaye. Zamani za misafara, chumvi ya Uvinza ilikuwa mali kubwa katika njia hii yetu. Leo tuchague chumvi iliyotiwa madini joto, na tuiweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu.

Mazungumzo nayo ni chakula. Vitendawili jioni, kumwachia mtoto ahesabu chenji dukani, kumjibu anapouliza "kwa nini?" badala ya kumwambia anyamaze: hayo hayagharimu hata senti.

Bidii ina sehemu yake

Mwaka 1998 watafiti wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walieleza jinsi walivyowapa watoto mafumbo ya kufumbua. Baadhi walisifiwa kwamba wana akili, wengine kwamba wamejitahidi. Mafumbo yalipokuwa magumu, waliosifiwa akili walikata tamaa upesi, nao waliosifiwa bidii waliendelea kujaribu. Basi tuangalie hata sifa zetu. "Umejitahidi, sasa nionyeshe ulivyofanya" humsaidia mtoto kuliko "wewe ni kichwa." Na kama sifa isiyofaa huweza kumlegeza mtoto, je, yule anayeitwa mjinga kila siku atapata wapi nguvu ya kufungua daftari?

Kabla ya kutoa hukumu

Mtoto akishindwa, tuchunguze kwanza. Je, anaona ubao? Anasikia vizuri? Ana minyoo, au huugua malaria mara kwa mara? Huenda shuleni bila kula? Je, binti huanza kusoma baada ya kuteka maji, kupika na kuosha vyombo, wakati kaka yake ameshalala?

Katika shule za Serikali, ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na hadi kidato cha sita mwaka 2022. Gharama nyingine zipo, lakini mara nyingi kinachomfungia binti mlango si fedha, ni neno lililosemwa nyumbani. Hatuwezi kuchagua kipawa mtoto atakachozaliwa nacho. Lakini sahani, mazungumzo, muda wa kusoma na maneno anayoyasikia viko mikononi mwetu. Leo jioni, mama, mpunguzie binti yako kazi moja, umwashie taa, akae asome.