Uvimbe wa ubongo: nani anahesabiwa?

Wadau, juzi mshikaji wangu kaniletea namba za Marekani: eti kuanzia 2004 wagonjwa wa uvimbe wa ubongo waliongezeka ghafla, kwa hiyo simu ndiyo mchawi. Nikamwambia tulia kwanza.

Rejista ya saratani ni kama daftari kubwa. Hospitali zinapeleka taarifa za wagonjwa, makarani wanaandika. Kule Marekani zamani sheria iliwabana kuandika saratani tu. Uvimbe usio saratani, hata ukiota ndani ya fuvu, haukuwa lazima uandikwe. Mwaka 2002 ikapitishwa sheria kwamba nao uingie, kuanzia waliogundulika Januari 1, 2004. Basi daftari likanenepa! Ugonjwa ulikuwepo siku zote, ila sasa unaandikwa. Leo zaidi ya theluthi mbili ya uvimbe wa ubongo unaoandikwa kule si saratani, na aina moja tu, meninjioma, inayoota kwenye utando unaofunika ubongo, ni kama 40 katika kila 100.

Hiyo meninjioma naijua. Mama yangu mdogo alikuwa nayo. Daktari akasema tushukuru Mungu, si saratani. Tulishukuru, lakini jicho la kulia lilikuwa limeshakwenda. Fuvu ni mfupa jamani, halitanuki. Kitu kikiota humo lazima kibane kingine.

Halafu kuna suala la mashine. CT skani ya kwanza ya mgonjwa ilipigwa London mwaka 1971. Zilipoenea, nchi tajiri zikaona namba za wazee zinapanda, na sehemu kubwa ilikuwa ni kuonekana tu kwa kilichokuwa kimejificha.

Huku kwetu ndio kasheshe. Kampala wana rejista tangu miaka ya 1950, moja ya za zamani kabisa Afrika. Lakini karani, hata awe makini vipi, anaandika kile hospitali ilichokiona. Mtu anaumwa kichwa miezi 6, anaanza kuanguka kifafa, anapelekwa kwa mganga, anazikwa. Huyo haandikwi popote. Mwingine anapigwa skani lakini hakikatwi kinyama cha kupima, kwa hiyo hakuna anayejua kama uvimbe ulianzia kichwani au ulitoka kwenye titi au mapafu. Ndiyo maana ukisikia Afrika uvimbe wa ubongo ni mdogo, uliza skani ziko ngapi.

Mama mdogo alipasuliwa, yupo, anauza vitumbua. Faili lake la hospitali ya kwanza tunalo mpaka leo nyumbani. Kwenye ugonjwa wameandika: kuumwa kichwa.