Nyumba za Kando ya Ziwa (Sehemu ya 3): Viti Viwili Chumbani mwa Wenye Nyumba

Jua la Muhuru Bay huchelewa kulala. Kenya nzima inafuata saa zilezile, lakini Muhuru iko magharibi ya Mombasa kwa zaidi ya digrii 5 za longitudo, na kila digrii ni dakika 4. Mombasa inapoanza kuwasha taa, huku Muhuru bado kuna dakika zipatazo 20 za mwanga. Jua hutua yapata saa 12:45 jioni, na kwa kuwa rasi ya Muhuru imejichomoza ndani ya Ziwa Victoria, huzama majini kabisa. Aliyejenga huko akakielekeza chumba chake cha kulala magharibi ana onyesho la bure kila jioni. Tatizo ni kwamba hana pa kuketi. Hulitazama jua akiwa ameegemea ukingo wa kitanda, godoro limebonyea upande mmoja na miguu inaning'inia.

Sehemu mbili zilizotangulia za makala haya zilizungumzia kiwanja na madirisha. Hii ya tatu inaingia chumba ambacho mafundi wa Kenya hukiita masta, kutafuta mahali pa viti viwili na stuli.

Kuna watakaosema hayo ni mambo ya hoteli, kwamba chumba cha kulala ni cha kulala. Hoja hiyo haina historia ndefu. Katika nyumba za mawe za Lamu, mji uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, kulala na kuketi vilikaa chini ya dari moja kwa karne nyingi. Dari hizo zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba: mara nyingi haufiki mita 3. Hivyo mwashi alijenga vyumba vyembamba na virefu vilivyofuatana, kila kimoja kikiwa juu kidogo kuliko kilichotangulia. Ndiyo misana. Kitanda kiliwekwa ncha moja ya msana nyuma ya pazia, na sehemu iliyobaki ikawa ya mikeka, mito na mazungumzo. Pazia likifungwa ni chumba cha kulala; likifunguliwa ni baraza ya ndani.

Ulaya nako, Paris ya karne ya 17, bibi mmoja wa ukoo mkubwa, Marquise de Rambouillet, alikuwa akiwapokea washairi na wanasiasa akiwa kitandani, nao wakikaa kwenye nafasi kati ya kitanda na ukuta. Wafaransa waliipa nafasi hiyo jina maalumu. Hilo la kupokea wageni kitandani Muhuru halitakubalika hata kidogo, na sababu yake ndiyo inayotupa kanuni ya kwanza ya mpango wetu.

Muhuru ni nchi ya Wasuba, watu ambao kwa vizazi kadhaa wamechukua Kidholuo pamoja na mpango wa boma la Kiluo. Katika boma hilo mwanamume hakuwa na chumba cha kulala cha kudumu. Kila mke alikuwa na nyumba yake, ya mikayi, mke mkubwa, ikitazamana na lango. Mzee alikuwa na duol, kibanda kilicho karibu na zizi la ng'ombe, alimoota moto, kula na wanaume wenzake na kusikiliza mashauri. Wavulana waliokua walijengewa simba. Kila shughuli ilikuwa na paa lake, na kila paa lilikuwa na wenyewe.

Nyumba ya leo ya mawe na mabati imekusanya mapaa hayo yote kuwa moja. Sebule imemeza duol: humo mna wageni, runinga, watoto na madaftari yao, na wakati mwingine pikipiki iliyoingizwa ndani usiku. Watu wawili wanaolipa gharama ya nyumba hiyo hubaki bila mahali pa kuhesabu karo au kugombana kwa sauti ya chini. Ndiyo maana mwandishi wa makala haya anaona viti vya chumbani ni hitaji la nyumba. Wala havihitaji kuwa vitatu. Kwa desturi za Kiluo wakwe hawalali katika nyumba ya mtoto aliyeoa au kuolewa, na chumba cha mume na mke ndicho kinachoepukwa kuliko vyote. Hakuna mgeni atakayefika huko. Kiti cha tatu kitakuwa cha kutupia nguo.

Tuchukue chumba cha futi 12 kwa 14, ukubwa ambao mafundi wengi huupendekeza kwa masta. Kitanda cha 5 kwa 6, fremu yake ikihesabiwa, hula futi 5½ kwa 6½. Mchago ukae kwenye ukuta mfupi ulio mbali na ziwa. Kwenye urefu wa futi 14, ukitoa 6½ za kitanda unabakiwa na 7½. Njia ya kupita miguuni mwa kitanda inataka futi 3, na afadhali mlango ufungukie hapohapo kwenye njia. Zinabaki 4½ hadi dirishani. Kiti cha mikono chenye kina cha futi 2½ kinaingia, na magoti yanapata futi 2. Kwa upana, viti viwili vya futi 2½ na stuli ya futi 1½ katikati yake ni futi 6½ kati ya 12. Pembeni mwa kitanda, kabati la nguo lenye kina cha futi 2 linaacha futi 4½ za kugawa pande mbili. Inatosha, ila milango ya kabati iwe ya kusukuma. Ya kufungukia nje itagonga kitanda kila asubuhi.

Sasa badili kitanda kiwe cha 6 kwa 6. Urefu haujabadilika, kwa hiyo viti vipo palepale. Ni upana uliopungua kwa futi nzima, na mtu wa upande wa ukuta atakuwa akijipenyeza kiubavu. Wengi hununua kitanda kwanza, kisha kabati, kisha wakauliza kiti kitakaa wapi. Mpangilio huo ndio unaowarudisha ukingoni mwa godoro.

Hesabu za karatasi zisiaminiwe peke yake. Muhuru haikosi uzi wa nyavu. Chukua kipande, funga mawe manne madogo, utandaze sakafuni umbo la kila chombo kwa vipimo vyake. Leta viti viwili vya plastiki kutoka nje uviweke mahali pa viti utakavyonunua. Keti saa 9 mchana, keti tena saa 12 jioni, rudi saa 3 usiku ukiwa na taa. Pita miguuni mwa kitanda ukibeba beseni. Zoezi hili halina gharama, na siku moja tu litakuonyesha mambo ambayo mchoro hauyasemi.

Jambo la kwanza litakalojitokeza ni jua. Saa 9 mchana kiti cha dirisha la magharibi hakikaliki. Jioni ukingo wa paa hausaidii, maana jua la kutua huja likiwa chini, sambamba na macho, na huingia hadi mchagoni. Juni hutua kaskazini kidogo ya magharibi na Desemba kusini kidogo, kwa hiyo hakuna pembe ya kulikwepa mwaka mzima. Mti mbele ya dirisha utaleta kivuli na kuziba ziwa. Uamuzi ni wa mwenye nyumba, ila mwarobaini uliopandwa pembeni, sio mbele, huvunja jua bila kufunika maji yote. Pazia zito la kufungwa tangu mchana hadi saa 12 ni jawabu la haraka. Viti vyenyewe visilitazame dirisha moja kwa moja. Vigeuzwe robo, kila kimoja kikielekea kingine na maji kwa pamoja, ili jua likiwa usoni mwa mmoja wao aweze kugeuza shingo.

La pili ni upepo. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku hali hugeuka: nchi hupoa, ziwa hubaki na uvuguvugu, na upepo hurudi majini. Wavuvi huyajua haya kwa ngozi zao. Mwenye chumba naye ayajue, kwa sababu dirisha la magharibi linaloleta upepo mtamu saa 10 jioni halileti kitu saa 4 usiku. Upepo wa usiku unatoka mashariki, yaani nyuma ya kitanda. Bila tundu la hewa juu ya mlango au dirisha dogo upande huo, viti vitakaa katika hewa iliyosimama kati ya kuta za mawe zilizoshika joto la mchana kutwa.

Halafu mwanga. Usiku usio na mwezi, kutoka kwenye kiti hicho huonekana mstari wa taa ziwani: mashua za omena zimetoka. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola. Taa huvuta vijidudu, omena hufuata, wavu hupandishwa. Kenya imekuwa na kawaida ya kufunga uvuvi wa omena kati ya Aprili na Julai, kwa hiyo miezi hiyo giza huwa tupu. Balbu nyeupe kali iliyowekwa karibu na dirisha hufanya kazi ileile ya taa ya mvuvi. Vijidudu vya ziwani, vile vinavyopaa kama moshi juu ya maji, haviumi, lakini vitajaa ukutani, kwenye chai na ndani ya kola ya shati. Taa ya kusomea iwe ya mwanga wa manjano, fupi, nyuma ya bega, ikiwa imelipa dirisha mgongo. Mwanga wa aina hiyo hauuchelewishi usingizi kama unavyofanya mwanga wenye ubuluu. Soketi yake ipangwe kabla ya plasta. Waya unaopita sakafuni kwenye njia ya futi 3 utamwangusha mtu.

Lakini wadudu wanaohesabika hasa ni mbu. Migori, kaunti iliyo na Muhuru, na jirani yake Homa Bay zimo katika ukanda wa ziwa wenye malaria nyingi kuliko sehemu nyingine za Kenya; ni Homa Bay ambako Kenya ilizindulia chanjo ya malaria mnamo Septemba 2019. Chandarua humlinda aliye kitandani. Aliye kwenye kiti yuko nje yake, na baadhi ya mbu wa malaria huanza kuuma kabla watu hawajapanda kulala. Hapa wapambaji wa majarida hawasemi kitu, na hapa ndipo mpango mzima unaposimama au kuanguka: dirisha lenye viti lazima liwe na wavu wa waya, ulioshikiliwa na fremu isiyo na mwanya. Wavu hupunguza upepo, kwa hiyo dirisha liongezwe upana tangu msingi. Asiyeweza kuweka wavu aahirishe viti, anunue wavu kwanza.

Kuna jingine linalotokana na mbu hao. Upuliziaji wa dawa ya ukutani ulirudi Migori mwaka 2017 na Homa Bay mwaka uliofuata. Kikosi kinapofika, vyombo hutolewa nje au husogezwa katikati na kufunikwa, kwani mbu akishashiba damu hutua ukutani, na ukuta ndio unaotakiwa kupata dawa. Kochi kubwa lililogandamana na ukuta ni adui wa siku hiyo. Kiti ambacho mtu mmoja anakibeba ni rafiki.

Kwa hiyo, ni kiti gani? Duka la samani litakuelekeza kwenye kochi la watu wawili lenye sponji nene. Fundi mwaminifu atakuuliza kwanza, "Mama, mlango wa chumba ni inchi ngapi?" Mlango wa ndani wenye inchi 32 haupitishi kochi la kina cha inchi 35 bila kulisimamisha, na kona ya korido huenda ikalikataa hata likisimama. Kisha kuna unyevu wa ziwa na mvua ya upepo: sponji isiyopigwa jua hunuka. Viti vya fremu ya mbao vyenye mito inayotolewa, foronya zake zikiwa na zipu, hufuliwa na kuanikwa. Kisumu mafundi husuka viti vya gugu maji, gugu lililoonekana katika maji ya Kenya karibu na mwaka 1990 na kuwasumbua wavuvi tangu wakati huo. Ni vyepesi na vinapendeza, ila mabua yake yawe yamekaushwa barabara, na kiti kisiachwe kikagusa ukuta wenye unyevu. Chini tandika mkeka wa mafunjo. Zulia la manyoya liachwe kwa nchi za baridi. Huku hushika mchanga na vumbi la omena.

Urefu wa kiti kutoka sakafuni uwe inchi 16 au 17 ili goti la mtu mzima likunjike vizuri. Stuli ya katikati ilingane na mkono wa kiti, kikombe kiwekwe bila kuinama. Runinga isiingie kabisa. Ikishaingia, sebule imewafuata.

Gharama hutegemea mbao na fundi, nayo hubadilika kila msimu, kwa hiyo makala haya hayatataja bei. Anayejenga sasa na hajapiga plasta ana mambo matatu ya kuamua wiki hii: upana wa dirisha la ziwani pamoja na wavu wake, tundu la hewa la mashariki, na soketi ya taa. Viti vinaweza kusubiri mwaka mzima.

Sehemu ya 4 itahusu dari: namna ya kuzuia joto la mabati mchana, na kishindo cha mvua kinachokata mazungumzo usiku. Msomaji aliye na chumba cha futi 10 kwa 12 atandaze uzi wake kabla ya hapo, kwa kuwa hesabu ya chumba hicho ni ngumu zaidi nayo itaanzia kwenye kimo cha paa.