Udhibiti Asilia wa VVU: Namna Kinga ya Mwili Inavyoweza Kufubaza Virusi bila Dawa

Mtu aliyeambukizwa VVU asipotumia dawa, seli zake za CD4 hupungua mwaka hadi mwaka, na kwa kawaida Ukimwi hujitokeza baada ya takribani miaka 10. Hata hivyo, wapo wachache, chini ya asilimia 1 ya walioambukizwa, ambao wingi wa virusi katika damu yao hubaki chini ya nakala 50 kwa mililita moja ingawa hawajatumia dawa yoyote. Makala haya yanawaita wadhibiti mahiri, na yanafafanua jinsi miili yao inavyofanya kazi hiyo.

Istilahi inahitaji uangalifu. Neno "kinga" linatokana na kitenzi "kukinga", yaani kuzuia kitu kisipite. Lakini kwa wadhibiti mahiri virusi vimekwishapita na vingalimo mwilini. Hivyo wasichanganywe na baadhi ya wanawake waliofanya biashara ya ngono Pumwani, Nairobi, ambao tangu miaka ya 1980 watafiti walibaini kuwa hawakuambukizwa licha ya kukabiliwa na virusi mara nyingi. Hao walizuia maambukizi, na baadhi yao waliambukizwa baadaye. Vilevile wasilinganishwe na nyani wa Afrika Magharibi aina ya mangabey, ambaye hubeba virusi vya SIV kwa wingi mkubwa bila kuugua. Huyo anastahimili virusi, havidhibiti.

Mtu angetarajia kwamba kingamwili ndizo zinazoleta udhibiti huu. Sivyo. Kingamwili zenye uwezo mpana wa kulemaza VVU hupatikana zaidi kwa wenye virusi vingi kuliko kwa wadhibiti mahiri. Ushahidi mwingi unaelekeza kwenye seli za CD8, ambazo huua seli zilizoambukizwa. Seli yenye virusi huonesha juu ya utando wake vipande vya protini za virusi, vikiwa vimeshikwa na molekuli za HLA, na seli ya CD8 ikivitambua huiangamiza. Mwaka 2010 utafiti wa kimataifa wa jenomu za wadhibiti ulionesha kwamba tofauti kuu kati yao na watu wengine imo katika asidi amino chache za mfuo ambamo molekuli ya HLA-B hushikilia vipande hivyo. Aina ya HLA-B57 ndiyo iliyohusishwa zaidi na udhibiti, ikifuatwa na HLA-B27.

Kinachoamua hapa ni mahali shambulio linapoelekezwa, wala si ukubwa wake. HLA-B57 huonesha vipande vya protini ya Gag, inayojenga ganda linalohifadhi jeni za virusi. Ganda hilo halivumilii mabadiliko mengi. Virusi vinaweza kukwepa seli za CD8 kwa kubadilisha asidi amino ya nafasi ya 242, lakini mabadiliko hayo hupunguza uwezo wao wa kuzaliana. Uthibitisho mzuri hupatikana virusi hivyo vinapomwingia mtu asiye na HLA-B57: taratibu huirejesha asidi amino ya awali, kwa kuwa hakuna tena sababu ya kubeba gharama hiyo.

Pamoja na hayo, HLA-B57 si maelezo kamili. Wengi walio nayo si wadhibiti, na wapo wadhibiti wasio nayo. Utafiti wa mwaka 2020 uliowalinganisha wadhibiti mahiri 64 na watumiaji 41 wa dawa ulibaini kwamba kwa wadhibiti, virusi vizima vilivyosalia mara nyingi vimejipachika katika sehemu za kromosomu zisizo na shughuli za jeni, ambako ni vigumu kuamka. Tafsiri inayokubalika ni kwamba seli za CD8 zimekuwa zikipalilia kwa miaka mingi: zile zilizobeba virusi vinavyoamka kwa urahisi zimeondolewa, na waliobaki ni mabubu.

Udhibiti huu si uponaji. Baadhi ya wadhibiti huupoteza, na wengi huwa na uvimbe wa ndani kwa ndani unaozidi ule wa wasioambukizwa. Aidha, mtumiaji wa dawa ambaye virusi vyake havionekani katika vipimo si mdhibiti. Akiacha dawa, kwa kawaida virusi hurejea ndani ya wiki chache. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mwenye VVU aanzishiwe dawa bila kujali idadi ya seli za CD4. Pendekezo hilo ni sahihi, ila linampa mtafiti ugumu: mgonjwa anayeanza dawa siku ya kugunduliwa hawezi kufuatiliwa mwaka mzima ili ithibitike kuwa ni mdhibiti. Nafasi pekee inayobaki ni damu iliyochukuliwa na kuhifadhiwa kabla ya kidonge cha kwanza.