Mchikichi mmoja, mikungu ya aina mbili

Tumezoea kusema miche iliyotoka kwenye tishu ya mti mmoja ni mapacha: vinasaba vile vile, mazao yale yale. Mchikichi unatuambia subiri kwanza.

Miaka ya 1970 watafiti walianza kuzalisha miche ya michikichi maabara, kama inavyofanyika leo kwa migomba ya tishu. Unachagua mti unaotoa mafuta mengi, unatengeneza nakala zake kwa maelfu. Miche ikapandwa, ikastawi, majani safi kabisa. Miaka michache baadaye ikaanza kuzaa, na kumbe baadhi ina kasoro: tunda limezungukwa na vipande vya ziada kama limevaa koti. Mafuta haba, mikungu mingine inaoza kabla ya kuiva. Hapo mkulima ameshamaliza mbolea, ardhi na miaka.

Ajabu zaidi, mti huo huo mmoja unaweza kubeba mkungu mzuri na mkungu wenye kasoro. Na miti mingine hupona yenyewe. Herufi za DNA zingekuwa zimeharibika, isingekuwa rahisi hivyo.

Jibu lilitoka mwaka 2015 katika jarida la Nature, kutoka kwa watafiti wa Malaysia na wenzao wa Marekani. Ndani ya jeni inayosimamia sehemu za kiume za ua kuna kipande cha DNA kinachoitwa Karma. Kwa kawaida Karma hufunikwa na alama ndogo za kikemia, methili, na seli inakiruka inaposoma jeni. Kwenye maabara, baadhi ya seli hupoteza alama hizo. Usomaji unanasa kwenye Karma, protini inatoka fupi, na sehemu za kiume zinageuka kuwa za kike. Hilo ndilo koti la tunda. Herufi hazijabadilika, alama ndizo zimefutika, tena kwenye seli hizi na si zile. Hii ndiyo epijenetiki.

Faida yake ni kwamba alama za Karma zinapimika kwenye jani la mche mdogo, kabla haujaenda shambani.

Kigoma tunapanda zaidi miche ya mbegu chotara, kwa hiyo tatizo hili si letu sana kwa sasa. Ila siku ukiletewa miche ya tishu ya michikichi, usiulize tu mama yake alizaa kiasi gani. Uliza pia kama Karma imepimwa.