Jinsi ya kuchagua ufito na mshipi wa kuvulia kidimbwini

MPANGO wa serikali wa kufufua uchumi ulipoanzishwa mwaka 2009, vidimbwi 200 vya samaki vilikusudiwa kuchimbwa katika kila mojawapo ya maeneobunge 140, yakiwemo ya Kisii na Nyamira. Kila kidimbwi kilikuwa na ukubwa wa mita 300 mraba.

Baadhi ya wakulima wangali wanafuga perege na kambare. Hata hivyo, kukokota wavu kwa ajili ya kitoweo cha siku moja huvuruga tope na kuwahangaisha samaki wote. Ndoana humwezesha mkulima kutoa wachache tu, au kuwakaribisha wageni wavue kwa malipo, mradi vifaa viwe vinavyofaa.

Katika uvuvi wa kutumia mdudu bandia, chambo huwa chepesi mno, hivyo uzito unaorushwa ni wa mshipi wenyewe. Ndiyo sababu mshipi na ufito hupewa nambari, na nambari hizo zapaswa kulingana. Mshipi mzito kupita kiasi huupinda ufito na kuulemea. Ulio mwepesi mno haufiki mbali.

Kwa perege wa kidimbwini, ambao wengi hawazidi nusu kilo, ufito wa futi 9 wa nambari 4 au 5 watosha. Kambare ana nguvu zaidi, hivyo nambari 7 au 8 ndiyo ifaayo.

Aidha, maji ya kidimbwi yametulia na kina chake hukaribia mita moja. Mshipi unaoelea ndio bora, kwa kuwa ule unaozama hukwama topeni upesi. Mshipi wa kuzama ufae mabwawa yenye kina kirefu.

Mwishoni mwa mshipi hufungwa uzi mwembamba wenye urefu unaokaribia ule wa ufito. Uzi wa kuhimili ratili 4 hadi 6 watosha kwa perege; kwa kambare, ratili 10 au zaidi. Uzi ukikatika, samaki huondoka na ndoana mdomoni, na huenda akafa. Hiyo ni hasara ya mkulima.

Perege ana mdomo mdogo, kwa hivyo chagua ndoana ndogo. Ikiwa samaki watarejeshwa majini, libane kwa koleo lile jino la ndoana linalozuia kuchomoka, na ulowanishe mikono kabla ya kumshika samaki.

Kidimbwi cha mita 15 kwa 20 hakihitaji kurusha mbali. Mita 8 au 10 zatosha. Penye migomba au mikaratusi nyuma yako, uviringishe mshipi juu ya maji badala ya kuurusha nyuma.

Asiye na uwezo wa kununua vifaa hivyo atumie mwanzi, uzi wa nailoni, boya dogo na chambo cha nyungunyungu. Vipande vya uzi visiachwe kandokando ya maji, maana huwanasa ndege.